Kabla Useme Amerogwa, Soma Hii ya Alupe

Wengi wetu tukipita Alupe, barabara ya Busia kwenda Malaba, tunaona chuo kikuu tu. Lakini hapo Alupe ndipo KETRI, taasisi ya utafiti wa malale, ilikuwa na hospitali yake.

Malale huletwa na mbung'o. Kimelea huanzia kwa damu, halafu kinaingia ubongoni. Hapo sasa mtu analala mchana, anakesha usiku, anaropoka, tabia inageuka kabisa. Ni rahisi kijiji kizima kusema ni kichaa, ama amerogwa. Ukweli ulijulikana daktari akitoa maji ya uti wa mgongo na kuyapima.

Dawa nayo ilitisha. Melasoproli, yenye aseniki ndani, ilianza kutumika 1949. Kati ya wagonjwa 100, 5 hadi 10 iliwaletea uvimbe wa ubongo, na karibu nusu ya hao walikufa. Watafiti wanashuku ni kinga ya mwili inayougeukia ubongo wenyewe. Bado watu walichomwa, kwa sababu malale bila tiba huua.

Agosti 2025, WHO ilitangaza kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma Kenya. Mgonjwa wa mwisho kugunduliwa hapa nchini alipatikana 2009.

Maoni yangu ni haya, wasee: nyanya akianza kusahau majina ama kukesha akiongea peke yake, tusitafute mchawi. Tumpeleke apimwe. Alupe ilishatufundisha kwamba ubongo pia huugua.