Chini ya chemchemi kuko nini? Historia ya swali lililopita Kabambare



Aliyekulia kijijini anajua kazi ya kwanza ya asubuhi: kushuka ku chemchemi na bidon. Wengine wanaiita source, kwa Kifaransa, maji ni yaleyale. Tangu niko mtoto nilikuwa na swali moja. Maji yanatoka chini ya jiwe usiku na mchana, masika na kiangazi, hayaishi. Huko chini kuko nini? Nikamuuliza nyanya yangu. Akajibu: "Chota, mtoto wangu, wenzako wanangoja." Swali likabaki hivyo.

Nilipokuja kusoma historia, nikakuta kumbe swali lile si la kitoto. Wafalme walilitolea kamba ndefu. Watu walitembea miaka juu yake. Wengine waliingia ndani ya maji na mitungi ya hewa mgongoni na nusura wafe. Na mmoja wao aliliwaza hapahapa kwetu, Kabambare, akiwa na vidonda miguuni. Tuanze mwanzo.

Kamba ya mfalme

Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Mgiriki Herodotus alikwenda Misri kuuliza Nile inatoka wapi. Karibu wote aliowauliza hawakujua. Mmoja tu, mwandishi wa hazina ya hekalu mjini Sais, alimwambia kuna milima miwili, Crophi na Mophi, na katikati yake kuna chemchemi zisizo na mwisho chini. Nusu ya maji inakwenda kaskazini, Misri. Nusu inakwenda kusini. Mfalme Psammetichus, akasema, alitaka kujua kina chake. Akasokotesha kamba ya maelfu ya pima, akaishusha, haikugusa chini.

Herodotus mwenyewe hakuamini sana. Aliona yule bwana kama anamfanyia mzaha. Akaongeza kwamba kama kamba ilishushwa kweli, labda mikondo ya maji iliizungusha isifike. Shikeni neno hilo la mzee Herodotus: chombo kikishindwa kufika, hiyo si alama kwamba mwisho hakuna.

Mzungu wa Kabambare

Sasa turuke zaidi ya miaka 2,300. Septemba 1869 Mskoti mmoja aliyechoka, David Livingstone, aliingia Kabambare, yeye akiandika Bambarre. Alikuwa anafuata njia za wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuja Maniema kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Yeye alikuja kutafuta chemchemi za Nile.

Livingstone alikuwa ameamini ile hadithi ya Sais. Alisikia pia kwa wasafiri kwamba kusini, upande wa Katanga, kuna chemchemi nne karibu karibu, mbili zikitoa mito ya kwenda kaskazini na mbili ya kwenda kusini. Akaona maneno yanashikana na kitabu. Kwa hiyo Lualaba, mto wetu, lazima uwe Nile! Alipojaribu kuufikia mwaka 1870, wafuasi wake karibu wote walimkataa. Akabaki na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Miguu ikaota vidonda, akarudi Kabambare na kulala humo miezi. Mwenyewe aliandika kwamba akiwa Maniema alisoma Biblia nzima mara nne.

Mwishoni mwa Machi 1871 alifika Nyangwe, ku ukingo wa Lualaba. Akataka mitumbwi ya kufuata mto aone unakoelekea. Wenye mitumbwi wakakataa, na haki walikuwa nayo, juu ya mambo waliyokuwa wanatendewa na wageni. Karatasi zikamwishia, akaandika juu ya gazeti la zamani kwa wino wa matunda ya porini. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wakafyatua bunduki kati ya wauzaji. Mamia wakafa, wengi wao mama zetu waliokuja kuuza samaki, mihogo na vyungu. Wengine walizama mtoni wakikimbia. Livingstone akaondoka bila jibu. Alikufa Mei 1873 katika inchi inayoitwa leo Zambia, bado anatafuta chemchemi zake.

Jibu lilikuwa wapi? Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874, akapima. Akakuta Lualaba pale Nyangwe iko chini kuliko Nile ilivyo kule Gondokoro. Na maji hayapandi mlima. Kipimo kimoja tu, hadithi ya Sais ikaanguka. Miaka ya 1876 na 1877 Stanley, akisindikizwa sehemu ya safari na Tippu Tip, aliufuata mto hadi Boma: ni mto Kongo.

Mimi simcheki Livingstone. Alikuwa mvumilivu kuliko wengi wetu. Lakini alikuwa ameshapata jibu kitabuni kabla ya kuuliza maji yenyewe. Ugonjwa huo ungali nasi, sana sana sisi wenye diploma.

Walioingia ndani

Baada ya kamba na miguu, ikaja zamu ya kuzamia. Kule Ufaransa kusini kuko chemchemi inaitwa Fontaine de Vaucluse. Kiangazi inakuwa kidimbwi kimetulia chini ya mwamba. Masika inafura ghafla na kutoa mto mzima. Juu ya nini? Watu waliona jibu liko chini. Mwaka 1878 mzamiaji Ottonelli alishuka humo na vazi zito la kofia ya chuma, akafika mita 23. 

Mwaka 1943 Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka mtungi mgongoni, kila anapovuta pumzi, kwa kadiri ya uzito wa maji yanayomzunguka. Uzito huo si mchezo: kila mita 10 unazoshuka, unaongezeka sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu pale usawa wa bahari. Mwaka 1946 Cousteau na rafiki yake Frédéric Dumas waliingia Vaucluse na mitungi hiyo.

Nusura isiwe historia, iwe matanga. Huko chini vichwa vilianza kuwalevya, mawazo yakapotea, Dumas akawa kama mtu asiyejua alipo. Ishara za kamba hazikuwa zinaeleweka vizuri juu. Walitolewa kwa bahati na kwa nguvu za wenzao. Baadaye walichunguza mitungi: hewa ilikuwa na sumu ya moshi. Mashine ya kujazia hewa ilikuwa imevuta moshi wake yenyewe na kuusukuma ndani. Walikuwa na hofu ya maji, kumbe kifo walikuwa wamekibeba mgongoni.

Mwaka 1985 mashine isiyo na mtu ndani ilishushwa na kufika mita 308, ikakuta mchanga. Sawa, kina kimejulikana. Lakini je, lile swali la kufura kila mwaka lilijibiwa na ule mchanga? Hapana. Jibu lilikuwa juu: mvua na theluji zinazoanguka ku milima ya mawe ya chokaa, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000, zinapenya ku nyufa na kutokea pale. Wakati wote watu walipokuwa wanachungulia shimo, siri ilikuwa mgongoni mwao, mlimani.

Mzima, chemchemi ya viboko

Tusogee karibu. Kenya, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, kuko chemchemi za Mzima. Milima ya Chyulu ni ya volkano changa, na juu yake hakuna mto wa kudumu. Mvua ikinyesha inamezwa na mawe yale yenye vitundu vingi, inasafiri chini ya ardhi kilomita makumi kadhaa, halafu inatokea Mzima safi kama kioo. Hesabu inayotajwa sana ni lita milioni 220 hivi kwa siku.

Wapiga filamu wawili wa Kenya, Alan Root na mkewe Joan, walizamia humo na mitungi na kamera. Kupitia filamu yao dunia ikaona viboko wakitembea chini ya maji kwa hatua nyepesi kama wanacheza. Ikaona pia jambo ambalo kutoka ukingoni hauwezi kulijua. Kiboko anakula majani usiku inchi kavu, mchana anarudi na kuangusha mavi majini. Mavi yanalisha wadudu na samaki, samaki wanalisha ndege na mamba, na samaki wengine wanamsafisha kiboko ngozi. Ukiwaondoa viboko kusudi maji yawe "safi", unawanyima chakula wote wale.

Elimu hiyo iliuzwa kwa damu. Siku moja kiboko aliwashambulia majini: jino lake lilivunja kioo cha uso cha Joan, kisha akamng'ata Alan mguu, akautoboa. Wote wawili walipona. Yule kiboko hakuwa na kosa, alikuwa kwake.

Upande mwingine wa habari ya Mzima hauko sana ku filamu. Tangu miaka ya 1950 bomba linachukua sehemu ya maji yale hadi Mombasa, kilomita zaidi ya 200. Mji mkubwa unakunywa. Lakini watu wa Taita Taveta, ambako chemchemi iko, wamelalamika miaka mingi kwamba maji yanapita kwao huku wao wana kiu. Chemchemi ikishapimwa, ikajulikana thamani yake, swali linalofuata ni moja: ni nani anakunywa?

Na sisi?

Hapa nina jambo la kuungama.

Kule kwetu wazee walikuwa na katazo: juu ya chemchemi hakuna kulima, hakuna kukata mti. Walisema maji yana wenyewe, na wenyewe hawapendi kelele ya shoka. Tuliporudi kutoka masomo, vijana tulicheka. Tuliita ushirikina. Kaka yangu alitaka shamba la mihogo pale mlimani, mimi mwenyewe nikashika shoka. Shamba lilikubali, miaka miwili mitatu. Kisha mvua zikaanza kushusha udongo, maji yakawa mekundu masika, na kiangazi yakawa membamba kama uzi. Leo dada zetu wanaamka saa tisa ya usiku kupanga bidon ku mstari. Hakuna wa kulaumu, ni mimi na shoka langu.

Sasa naelewa katazo lile lilisema nini. Lilisema jambo lilelile ambalo Vaucluse na Chyulu zilisema: mwanzo wa chemchemi hauko chini ya jiwe, uko juu, pale mvua inapoingia ardhini. Wazee hawakuwa na mtungi wa hewa wala mashine ya mita 308. Walikuwa na macho ya miaka mingi, na wakaifunga elimu yao ndani ya hofu kusudi isipotee. Sisi tulifungua, tukaona hofu tu, tukatupa vyote.

Hatari haijapungua. Kabambare ina dhahabu, na kuosha mchanga wa dhahabu kunataka maji mengi. Watu wanaongezeka, mashamba yanapanda, vyoo vinachimbwa juu ya mahali pa kuchota. Bomba au mradi ukija kesho, wataalamu watauliza: chemchemi yenu inatoa lita ngapi? Tukikaa kimya, watajibu wenyewe, na atakayekunywa watamchagua wao.

Basi ombi langu kwa wote watakaorudi nyumbani likizo hii. Musijaribu kuzamia, tafadhali! Chemchemi ndogo ina mlango mwembamba na matope yanayoziba macho, na hata Cousteau nusura abaki humo. Chukua bidon ya lita 20 na saa ya simu. Kama maji yote yanaingia bidon na inajaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kila sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Andika tarehe. Rudia kila mwezi, kiangazi na masika. Halafu usishuke tena: panda. Panda mlima juu ya chemchemi, tazama kumekatwa nini, kumechimbwa nini, na umuulize mzee mmoja zamani palikuwaje.

Kipimo kimoja cha Cameron kiliangusha hadithi ya miaka 2,300. Daftari la mwaka mmoja la mwanafunzi wa Lusangi linaweza kuokoa chemchemi moja.

Nyanya yangu ameshafariki. Swali langu hakulijibu, lakini shamba juu ya maji hakulima maisha yake yote. Mimi mwaka huu napeleka miche. Nani anapanda pamoja nami?