Neno na Ubao

Katika London ya zama za Shakespeare, jukwaa la hadhara lilikuwa karibu tupu. Mchezo ulichezwa mchana, na usiku uliletwa na neno: mhusika hutaja nyota, hadhira ikaziona.

Katika jumba la mfalme mambo yalikuwa mengine. Mwezi wa Januari 1605, mshairi Ben Jonson na mchoraji Inigo Jones walitoa mchezo wao wa kwanza wa pamoja huko Whitehall. Jones aliunda bahari ya bandia yenye mawimbi ya kutikisika, na kombe kubwa lililombeba Malkia Anne pamoja na mabibi 11. Mandhari aliichora kwa mistari iliyokutana mbali, ikaonekana sawasawa kutoka kiti cha mfalme. Waliokaa pembeni waliiona imepinda. Hivyo jukwaa lilisimulia hadithi mbili kwa pamoja: ya mchezo wenyewe, na ya cheo cha kila mtazamaji.

Mwaka 1631 wakagombana. Jonson alitanguliza jina lake katika kitabu cha mchezo, Jones akaudhika. Kwa Jonson, ushairi ndio roho, na mapambo ni mwili unaopita. Lakini ikulu haikumwita tena; ilimchagua mwenye mbao.

Mbao zile hazipo tena. Beti za Jonson zingali zikisomwa, na michoro ya Jones imehifadhiwa Chatsworth. Asomaye beti bila kuitazama michoro huipata nusu ya hadithi, na atazamaye michoro bila beti hali kadhalika.