Nani Mwenye Nyumba Sebuleni? Historia Fupi ya Sanduku la Burudani la Kujijengea

Leo tuweke kando mambo ya hifadhidata, twende sebuleni. Siku hizi hata anayeishi chumba kimoja cha kupanga anataka ukuta wake wa runinga: kabati safi, spika pande mbili, waya zisionekane, na filamu zote zipatikane kwa rimoti moja. Kabla hujamwita seremala achukue vipimo, ni vizuri ujue historia ya kitu unachotaka kujenga. Ina mafunzo mengi, hasa kwa mtu anayetoa pesa zake mwenyewe.

Nianze na jina. Ukitamka "kodi" hapa Kenya, mtu anafikiria ushuru, au mwenye nyumba anayebisha mlangoni mwanzo wa mwezi. Kumbe Kodi pia ni programu ya kuendesha burudani ya nyumbani, na kwa kichekesho cha lugha yetu, hiyo Kodi hailipiwi hata senti. Swali la makala haya linatoka hapo hapo. Nani mwenye nyumba katika sebule yako? Nani anaamua utazame nini, saa ngapi, na kifaa ulichonunua kitafanya kazi kwa miaka mingapi?

KABATI LILIPOKUWA NDILO MASHINE

Zamani kabati na mashine vilikuwa kitu kimoja. Radiogramu ya miaka ya 1950 ilikuwa fanicha ya mbao yenye redio, sahani ya santuri na spika ndani yake. Kiwanda kilikuwa kimekupangia kila kitu. Ukitaka spika bora, ilibidi ununue kabati lingine.

Mwaka 1954, huko Cambridge, Massachusetts, Edgar Villchur na Henry Kloss walianza kutengeneza spika iliyoitwa AR-1. Sanduku lake lilizibwa kabisa, na hewa iliyofungiwa ndani ikafanya kazi ya springi. Kwa njia hiyo sauti nzito ya besi ilitoka katika sanduku dogo la kukaa kwenye rafu. Spika kama hizo ziliwapa watu nguvu ya kuchagua: spika ya huyu, amplifaya ya yule, kisha seremala wa mtaa afanye rafu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1956, kampuni ya Zenith ikatoa rimoti ya Robert Adler isiyotumia betri wala waya. Ukibonyeza, nyundo ndogo inagonga kijiti cha aluminiamu, nacho kinatoa mlio ambao sikio la binadamu halisikii lakini runinga inausikia.

Hata hivyo, saa ya kutazama ilibaki mikononi mwa kituo cha matangazo. Ukikosa kipindi, umekosa. Hilo lilibadilika Sony ilipotoa Betamax mwaka 1975, na JVC ikafuata na VHS mwaka 1976. Universal na Disney wakaishtaki Sony mwaka huo huo wa 1976, wakidai kwamba mashine ya kurekodi ni chombo cha wizi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Januari 1984 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili ukitazame baadaye ni matumizi halali. Hebu fikiria: jaji mmoja tu angebadili kura, historia hii yote ingechukua njia nyingine.

TIVO: LINUX ILIYOFUNGWA MINYORORO

Mwaka 1999 zikaingia sokoni TiVo na ReplayTV, mashine zilizorekodi runinga kwenye diski kuu badala ya kanda. Uliweza kusimamisha matangazo ya moja kwa moja, uende jikoni, urudi uendelee. ReplayTV ilivuka mpaka zaidi kwa kuruka matangazo ya biashara yenyewe. Makampuni ya filamu na runinga yakaishtaki mwaka 2001, na kampuni mama, SonicBlue, ikafilisika mwaka 2003.

TiVo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa programu, kwa sababu ndani yake ilikuwa na Linux. Leseni ya GPL iliitaka itoe msimbo wake wa Linux, nayo ikautoa. Lakini mashine ilikagua saini ya kidijitali kila ilipowaka. Ukibadilisha msimbo na kuurudisha ndani, haiukubali. Unapewa ufunguo wa nyumba, lakini kitasa kimebadilishwa! Richard Stallman aliipa tabia hiyo jina linalotokana na TiVo yenyewe, na toleo la tatu la GPL, lililotoka Juni 2007, likaandikwa kwa sehemu ili kuizuia. Linus Torvalds hakukubaliana naye, na kiini cha Linux kimebaki chini ya toleo la pili.

MYTHTV NA XBOX: WATU WAJENGA WENYEWE

Mwaka 2002 mtayarishaji programu Mmarekani, Isaac Richards, alichoshwa na kisanduku cha kampuni yake ya kebo akaanza kuandika MythTV. Unachukua kompyuta ya kawaida, unaweka kadi ya kupokea mawimbi ya runinga na diski kubwa, na Linux inafanya kazi ya TiVo bila kumpigia mtu magoti. Microsoft nayo ilitoa Windows XP Media Center mwaka huo huo.

Udhaifu wa MythTV ulikuwa ratiba ya vipindi. Huko Marekani ilitoka bure kwa huduma moja ya kibiashara, na Septemba 2007 huduma hiyo ikafungwa. Watumiaji hawakulia tu. Walianzisha shirika lisilo la kupata faida, Schedules Direct, wakachanga pesa na kununua data hiyo pamoja. Kumbe hata chama cha akina mama wa mtaani kingewafundisha mbinu hiyo.

Sasa tuje kwa Xbox. Microsoft ilipoitoa Novemba 2001, kwa kweli ilikuwa kompyuta iliyovaa nguo za mchezo: prosesa ya Intel ya megahezi 733, kumbukumbu ya megabaiti 64, diski ya gigabaiti 8 na kiunganishi cha mtandao. Tena ilikuwa na waya tayari za kuchomeka kwenye runinga, kitu ambacho kompyuta nyingi za wakati huo hazikuwa nacho. Tatizo lilikuwa kufuli. Mwaka 2002 Andrew Huang, aliyekuwa mwanafunzi wa MIT, alinasa ufunguo wa siri ukipita kati ya chipu mbili ndani ya mashine, na mlango ukafunguka.

Vijana waliofahamiana kwa mtandao tu wakaandika kichezesha-video cha Xbox, na Juni 2004 ikatoka XBMC toleo la kwanza. Ilicheza karibu kila aina ya faili, ikavuta muziki kutoka kompyuta ya chumba kingine, na sura yake ilipendeza kuliko bidhaa nyingi za dukani. Lakini ilikuwa na utata. Msimbo ulikuwa huria, ila ili kuugeuza uwe programu ya Xbox ulihitaji zana za Microsoft ambazo mradi haukuwa na ruhusa ya kuzitumia. Kwa hiyo mradi ulitoa msimbo peke yake.

Halafu video za ubora wa juu zikaja, na Xbox ya megahezi 733 haikuziweza. Mradi mwingine ungezikwa na mashine yake. XBMC ilihama: kazi ya kuipeleka Linux ilianza mwaka 2007, na kufikia Novemba 2008 ilitoka kwa Linux, Windows na Mac pia. Plex na Boxee zilizaliwa kutoka kwa msimbo huo huo. Boxee ilinunuliwa na Samsung mwaka 2013 ikatoweka. Windows Media Center iliachwa Windows 10 ilipotoka mwaka 2015. Programu ya wale vijana wa mtandaoni ingali hai. Mwaka 2014 ilibadili jina kuwa Kodi, kwa kuwa Xbox haikuwa tena na uhusiano nayo.

BODI YA DOLA 35

Tarehe 29 Februari 2012 Raspberry Pi iliuzwa kwa mara ya kwanza, kwa dola 35. Prosesa yake ilikuwa dhaifu, megahezi 700, lakini chipu yake ya picha ilicheza video ya H.264 ya mistari 1080 bila jasho. Ilikula takriban wati 3.5 za stima, tena bila feni ya kupiga kelele. Na kwa njia ya kebo ya HDMI, rimoti ya runinga yenyewe iliweza kuiendesha.

Umaarufu ulileta wafanyabiashara wa vichochoroni. Waliuza visanduku vyenye Kodi iliyojazwa viungo vya filamu za wizi, huku mradi wenyewe ukilalamika kwamba jina lake linachafuliwa. Mwezi Aprili 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuuza visanduku vya namna hiyo kunavunja hakimiliki. Nakubaliana nayo. Uhuru wa kujenga sebule yako haukupi ruhusa ya kumwibia mtengeneza filamu, awe wa Hollywood au wa River Road.

NA SISI JE?

Mwaka 2015 ulitufundisha Wakenya kwamba swali la mwenye nyumba si la Wamarekani peke yao. Nchi nyingi zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kuhamia dijitali kabla ya Juni 2015. Katika mvutano wa kuhama huko, NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani Februari 2015, zikarudi Machi baada ya karibu wiki tatu. Familia zilizokuwa na runinga nzima kabisa zilitazama kioo cheusi, kisha zikaenda kununua ving'amuzi. Leo kipokezi kidogo cha DVB-T2 kinachochomekwa kwenye kompyuta, pamoja na programu huria, kinaweza kupokea na kurekodi stesheni zisizolipiwa. Ving'amuzi vya kulipia ni habari nyingine, kwa sababu kadi yake ni ya mwenye nyumba.

KABLA HUJAMWITA SEREMALA

Kutokana na historia hii, haya ndiyo ningekuambia.

Kwanza, kabati lisifungwe na kifaa. Kioo cha zamani cha inchi 21 kilikuwa na upana wa sentimita 43 hivi na urefu wa 32. Cha kisasa cha inchi 43 kina upana wa sentimita 95 na urefu wa 54. Makabati mengi yaliyochongwa na tundu la runinga ya mgongo yamekuwa kabati la vikombe. Mwambie fundi aache ukuta wazi na rafu za kuhamishika.

Pili, acha mgongo wa rafu wazi hewa ipite, na toboa njia ya waya nene kuliko unayohitaji leo. HDMI haikuwepo kabla ya mwaka 2002, na kesho kuna kitu kingine.

Tatu, panga stima. Kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi huharibika kirahisi umeme ukikatika ghafla, kwa hiyo filamu na picha za familia zikae kwenye diski tofauti yenye nakala.

Nne, na hili ndilo kubwa: kwa kila kipande unachonunua, jiulize kampuni ikifunga kesho, kitaendelea kufanya kazi? Kama jibu ni hapana, bado unaweza kukinunua, lakini jua kwamba umepanga tu. Spika, rafu, diski na programu huria ni vyako. Vingine vina mwenye nyumba, na siku moja atabisha mlangoni.