Viazi vya kuponda si vya Wazungu, na presha kuka si bomu

Wiki iliyopita niliposti video nikipika viazi vya kuponda kwa presha kuka. Laini, mpaka kijiko kinazama chenyewe. Niko zangu Marereni, uani, kuku wanapita mbele ya kamera. Komenti ya kwanza: "Ushakuwa mzungu wewe." Ya pili: "Hiyo sufuria itakulipukia tukuzike." Ya tatu ni ya mamangu, na hakuiandika. Aliisema akiwa amesimama mbali mlangoni: "Ukishalizima hilo bomu lako ndio niite."

Sasa wacha tuongee. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliposhinda, kwa hivyo sina cheti cha kuwafundisha mtu historia. Lakini kusoma nasoma. Na haya madai mawili ukiyapeleka kwa historia, yote yanaanguka. La kwanza linachekesha tu. La pili linatugharimu.

Tuanze na uzungu. Kiazi kilianza kulimwa kwenye milima ya Andes, Peru na Bolivia ya leo, maelfu ya miaka kabla ya mzungu yeyote kukiona. Wahispania walikikuta huko karne ya 16 walipoivamia nchi ya watu. Na kilipofika Ulaya, wengi walikikataa! Ufaransa watu walisema kinaleta ukoma, wakakiona ni chakula cha nguruwe. Kuna mfamasia wa jeshi anaitwa Antoine-Augustin Parmentier, alitekwa na Waprusi kwenye Vita vya Miaka Saba (1756–1763), akalishwa viazi akiwa mfungwa. Akatoka mzima wa afya. Akarudi kwao akaanza kukipigia debe kiazi, na mwaka 1772 madaktari wa Paris wakakubali kwamba hakina madhara. Leo Ufaransa kuna chakula cha nyama na viazi vya kuponda kinachobeba jina lake. Kwa hivyo mzungu mwenyewe alilazimika kubembelezwa.

Huku kwetu Waingereza walikuja na kiazi mwishoni mwa karne ya 19, kikapenda sehemu za baridi kama Nyandarua na Meru. Pwani tunakipokea kwa lori. Ndio maana wazee wengine wanakiita kiazi cha kizungu. Lakini lile jina lingine, mbatata, limetoka kwa Wareno, nao neno lenyewe lilitoka kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi, ambao walimaanisha kiazi kitamu. Neno moja limevuka bahari mbili na kubadilisha kazi njiani.

Na kama kila kilichokuja na meli si chetu, basi jamani tutalala njaa. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, na karne zilizofuata meli za Wareno zikaleta mazao ya Amerika. Mahindi ni ya Amerika. Muhogo ni wa Amerika. Hawe wangu, yaani bibi yangu, amesonga sima maisha yake yote na sijasikia mtu akimwambia ushakuwa mzungu.

Halafu kuponda nako, ati tumefundishwa na nani? Wataita wana kimanga. Wakikuyu wana mukimo. Na sisi Pwani, fungua macho: kachori ni nini? Ni viazi vya kuponda, pilipili na ndimu, unafinyanga, unachovya kwenye unga, unakaanga. Katlesi ni nini? Viazi vya kuponda vilivyofunika nyama ya kusaga. Kachori imetoka Bara Hindi. Katlesi jina lake lilianzia Ufaransa, likapita kwa Waingereza. Lakini mwambie mama wa Malindi jioni ya Ramadhani kwamba katlesi zake ni za kigeni, uone kama utafuturu. Sisi tumeponda viazi miaka mingi, tofauti ni kwamba tulikuwa tunavikaanga kabla hamjaviona.

Haya, sasa bomu.

Presha kuka si kifaa cha juzi. Mwaka 1679, London, Mfaransa anaitwa Denis Papin alionyesha sufuria nzito ya chuma yenye kifuniko cha kukaza. Wazo lake ni rahisi: maji yakichemka kwenye sufuria ya wazi hayapiti nyuzi 100, hata uongeze makaa namna gani. Ukiufungia mvuke, joto linapanda, na kwa presha kuka za leo linafika karibu nyuzi 120. Mwaka 1682 aliwapikia chakula wanasayansi wa Royal Society, na mifupa migumu ikatoka laini kama jibini.

Sikiza sasa. Papin naye alijua sufuria inaweza kupasuka. Akabuni valvu: kitundu kilichozibwa kwa uzito, mvuke ukizidi unainua ule uzito na kutoka. Kile kidude kinachopiga mluzi juu ya sufuria yako ni mjukuu wa kile cha Papin. Mama anaposikia ule mluzi anadhani sufuria inakaribia kulipuka. Kumbe inapumua. Ya kuogopa ni ile iliyonyamaza wakati moto unawaka.

Sisemi hofu ni ya bure. Jirani yetu kifuniko kiliruka, maharagwe yakabaki yamebandikwa kwenye mabati, na ni bahati tu hakuungua. Lakini tulipouliza vizuri, maganda yalikuwa yameziba kitundu, na yeye akalazimisha kufungua kabla mvuke haujaisha. Hayo mambo mawili yanazuilika. Chungulia kitundu kabla ya kupika. Usijaze zaidi ya theluthi mbili, maharagwe nusu. Usifungue mpaka mvuke uishe wenyewe. Na kama ni jiko la makaa, kumbuka makaa hayana swichi, toa mengine ikianza kupiga mluzi.

Kwa nini nakazana hivi? Kwa sababu mamangu anauza chakula stendi. Anaamka saa tisa usiku aweke maharagwe, zaidi ya saa mbili za makaa na moshi kifuani, ili saa kumi na mbili mtu wa kiwanda cha chumvi apate kiamsha kinywa. Presha kuka inayapika chini ya dakika arobaini yakiwa yameroweshwa. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, gunia la makaa lilipanda bei na yeye ndiye aliyelipa, maana bei ya sahani hakuweza kupandisha. Marufuku ikaondolewa 2023, lakini moshi uko pale pale. Kwa hivyo tukiendelea kuita kile chombo bomu, tunaowaumiza ni mama zetu.

Mlioomba namna ya kupika: menya viazi vilivyokomaa, kata vipande sawa, maji kikombe kimoja, chumvi. Hapa chumvi haijasafiri, imekaushwa na jua na upepo kwenye mabwawa yetu. Ikianza mluzi, hesabu dakika nane. Mwaga maji, rudisha motoni kidogo vikauke, ponda vikiwa moto. Mimina tui zito lililopashwa badala ya maziwa, kidogo kidogo. Usitie kwenye blenda, wanga utavutika kama gundi.

Jana mama alikubali niweke maharagwe yake. Alisimama mlangoni mpaka mluzi ukaisha, akaja akafinya moja kwa vidole, akanyamaza. Halafu akauliza sufuria kubwa zaidi ni pesa ngapi. Bado naweka akiba.

Nyumbani kwenu mlikuwa mnaponda nini? Niambieni, na mtaje kwa majina yake ya kwenu.