LinkedIn: Mtandao wa kazi unapotumiwa kutafuta mchumba

LinkedIn ni mtandao wa kitaaluma uliofunguliwa kwa umma nchini Marekani Mei 2003, na tangu mwaka 2016 unamilikiwa na kampuni ya Microsoft. Mwanachama huweka humo wasifu wake: jina, picha, elimu na kazi alizowahi kufanya. Wasifu huo uliokusudiwa kwa waajiri huwavutia pia watu wanaotafuta wachumba.

Arua na Koboko

Katika eneo la West Nile, suala hili lina uzito wake. Arua, iliyopata hadhi ya jiji Julai 2020, ina ofisi za mashirika mengi yanayowahudumia wakimbizi katika makazi ya Rhino Camp na Imvepi. Koboko, karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ina makazi ya Lobule. Kwa vijana waliohitimu masomo, ajira za mashirika hayo hutafutwa sana, na ujumbe kutoka kwa mtu mwenye cheo si rahisi kuupuuza.

Kwa desturi za Walugbara na Wakakwa, watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kwa hiyo ukoo huulizwa mapema. Wasifu wa mtandaoni hautaji ukoo wala wazee wa kumdhamini mtu. Hata cheo kilichomo kimeandikwa na mwenyewe.

Mpaka uko wapi?

Kanuni za LinkedIn zinaeleza kuwa huo si mtandao wa kutafuta wapenzi, na zinakataza jumbe za kimapenzi zisizotakiwa. Hatari huzidi pale anayetongoza anapokuwa na uwezo wa kutoa kazi, au anapodai kuwa nao. Anayetafuta ajira huogopa kukataa.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inauhesabu kuwa unyanyasaji wa kingono mwenendo wa mwajiri, au mwakilishi wake, kumtaka mfanyakazi kingono kwa ahadi ya upendeleo au kwa vitisho. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa kuweka hatua za kuuzuia, na mfanyakazi ana haki ya kulalamika kwa afisa wa kazi. Waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2003 nao unapiga marufuku kutoa ajira, fedha au bidhaa ili kupata ngono.

Tahadhari kwa anayepokea ujumbe

• Athibitishe jina na cheo katika ofisi ya shirika husika.
• Asitume fedha wala picha za faragha.
• Ahifadhi jumbe zote kama ushahidi kabla ya kumzuia mtumaji.
• Atoe taarifa kwa LinkedIn, na kwa polisi iwapo ametishwa au ametapeliwa.

Wapo wanaokutana kikazi na hatimaye kuoana. Lakini mazungumzo ya uchumba yasichanganywe na ahadi ya kazi, na jibu la hapana liheshimiwe mara ya kwanza.