Unyang'anyi na Rufani: Safari ya Maneno Mawili Mahakamani

Neno liingiapo mahakamani hutwishwa mzigo ambao halikuwa nao sokoni. Hebu tulitazame neno unyang'anyi. Katika mazungumzo ya kila siku mtoto humnyang'anya mwenziwe embe, wala hapana aliyepigwa au kutishwa. Lakini Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1945, yataka zaidi ya hapo. Kwanza pawe na wizi. Pili, mwizi awe ametumia nguvu, au ametishia kuzitumia, wakati wa kuiba au mara tu kabla au baada yake, ili akipate kitu hicho au abaki nacho. Nguvu zikikosekana, kosa ni wizi. Nguvu zikiwapo bila kuhusiana na kuchukua mali, shambulio husimama peke yake na wizi peke yake.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Tangu mwaka 2004 sheria imeweka kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha katika kifungu chake chenyewe, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30.

Aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya hukata rufani Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kueleza, mwaka 1957 na tena mwaka 1972, kwamba mahakama ya rufani ya kwanza hapana budi iupime upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kuwa haikuwaona mashahidi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mahakama hiyo nayo ilikoma, na mwaka 1979 Tanzania ikaunda Mahakama ya Rufani yake. Huko, katika rufani ya pili ya kesi ya namna hii, hoja huwa za sheria. Kwa hiyo ushahidi wenyewe hupimwa kikamilifu mara mbili tu, na mara ya pili hupimwa katika karatasi.

Hapo ndipo lugha ilipokuwa na hatari yake. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliruhusu kesi ya mahakama ya wilaya isikilizwe kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ya kesi iliyoanzia hapo ziliandikwa kwa Kiingereza. Shahidi aliposema "alininyang'anya saa", hakimu alitafsiri papo hapo. Akiandika neno la kisheria la unyang'anyi, nguvu ambazo shahidi hakuzitaja zilikuwa zimekwisha kuingia katika kumbukumbu. Jaji wa rufani angeyapima maneno ya mtafsiri akidhani ni ya shahidi.

Neno rufani nalo lina historia yake. Rufaa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuinua: shauri huinuliwa kupelekwa mbele ya mkubwa zaidi. Kenya husema Mahakama ya Rufaa. Tanzania imeshika rufani kwa mahakama, na rufaa ikazoeleka hospitalini, kwa mgonjwa anayepelekwa hospitali ya juu. Mgawanyo huu wafaa kulindwa, kwa kuwa kila neno limepata kazi yake.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Wako watakaosema kwamba tatizo la tafsiri limekwisha. La hasha, limebadili sura. Zamani kunyang'anya na unyang'anyi vilitenganishwa na lugha mbili. Sasa vinakaa katika ukurasa mmoja, vyafanana, na ni rahisi kimoja kupita kwa jina la kingine.

Kwa hiyo twapendekeza kanuni moja kwa waandishi wa kumbukumbu, wakalimani na walimu wao. Maneno ya shahidi yaandikwe kama alivyoyasema, naye aulizwe: alikunyang'anya vipi? Istilahi ya sheria ingoje hukumu. Mtu asifungwe miaka 30 kwa sababu ya kiambishi.