Vitabu Vingi, Kitabu Kimoja: Kuifasiri Biblia Katika Mwambao na Bonde la Mto Tana

Jina "Biblia" limetokana na neno la Kiyunani la wingi, lenye maana ya vitabu. Suala la jinsi vitabu hivyo viwezavyo kusomwa kama kitabu kimoja limejibiwa kwa mikabala mitatu mikuu. Mkabala wa kale huliona Agano la Kale kuwa kivuli cha Jipya. Uhakiki wa kihistoria, uliokomaa katika karne ya 19, ulikirejesha kila kitabu katika zama zake. Naye Brevard Childs, katika kazi yake ya 1979, alisisitiza umbo la mwisho la mkusanyo, kama lilivyopokelewa na jumuiya ya waumini.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki suala hili lilichukua sura ya pekee, kwa kuwa Biblia iliwasili vipande vipande. Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, akisaidiwa na kadhi Ali bin Muhyiddin. Sura tatu zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891. Wapokomo wa Mto Tana nao walipata Agano Jipya kwa lugha yao mwaka 1902, kabla ya lile la Kale. Kwa msomaji wa Kipokomo, basi, utimilifu ulitangulia ahadi.

Aidha, wafasiri wa Kiswahili walikuta istilahi zilizokwisha kukomaa: Torati, Zaburi, Injili. Kwa Mwislamu wa Nanighi, haya ni majina ya vitabu mbalimbali vilivyoteremshwa kwa Musa, Daudi na Isa. Kwa Mkristo wa Ngao, kusini mwa mto huo huo, ni sehemu za mkusanyo mmoja. Neno ni lile lile. Kinachotofautiana ni mkusanyo unaolipa maana.

Isaya 7:14 yatoa ushahidi zaidi. Neno la Kiebrania humaanisha mwanamke kijana; tafsiri ya kale ya Kiyunani iliweka neno la bikira, na Mathayo akalifuata. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, ya mwaka 1952, ina "bikira" katika vitabu vyote viwili. Hapa umoja haukusubiri kugunduliwa na msomaji. Umefumwa na mfasiri.

Kwa hiyo, mhakiki anayeuchunguza umoja wa Biblia ya Kiswahili hana budi kuanza na historia ya tafsiri zake. Bila ya hivyo, atauhesabu uamuzi wa mfasiri kuwa sifa ya matini asilia, na tofauti baina ya Nanighi na Ngao ataidhania kuwa ya msamiati tu.